Mota Haijaungua, Tulieni

Mashine ya seremala ikizimika pale Keko, Dar es Salaam, mgonjwa ni mmoja lakini madaktari ni mtaa mzima. Muuza kahawa anatua birika. Bodaboda anazima pikipiki. Fundi sofa wa banda la pili anakuja na nyundo, ya nini hasemi. Hujapangusa hata vumbi, hukumu imeshatoka: "Mota hiyo imeungua. Peleka ikasukwe."

Kwa nini mota? Kwa sababu ndiyo yenye gharama kubwa kuliko vyote humo ndani, na mshauri asiyelipa hana muda na vitu vya bei ndogo. Ukimwambia utaangalia kwanza plagi, fyuzi, swichi iliyoshiba vumbi la mbao au mkanda uliolegea, anakuona bahili.

Chukua msumeno wetu wa duara. Asubuhi moja uliwashwa, ukanguruma mmmmm, diski haitikisiki. Ukikutana na mngurumo huo, toa plagi, kisha zungusha puli kwa mkono. Ikigoma, shuku beringi. Ikizunguka laini, na mota ni ya fezi moja, wa kwanza kushukiwa ni kapasita, kile kikopo kilichopanda mgongoni mwa mota, kazi yake kuipa msukumo wa kuanza.

Nikafungua kifuniko. Mzee mmoja wa mtaani, bingwa wa kila fani, akainama na kunyoosha kidole.

"Mzee wangu, usiguse hapo."

"Hapa hakuna umeme bwana. Plagi si ile pale chini?"

Tatizo ni kwamba kapasita huweka akiba hata umeme ukikatwa, ndiyo maana fundi umeme huimaliza kwanza kwa kuiunganisha kwenye balbu. Yetu ilikuwa imechoka kuisukuma mota, lakini haikuchoka kumsukuma mzee. Aliruka, akatua kwenye rundo la maranda, kofia ikabaki mezani.

"Pole sana, mzee wangu."

"Nilikuwa naipima tu," akajibu, huku anatafuta kiatu. "Ni nzima. Mota ndiyo imeungua."

Kapasita mpya ilifungwa, msumeno ukaimba. Bei yake haikufikia bei ya soda walizokunywa wataalamu wakati tunaisubiri kutoka dukani.

Randa yetu kubwa ni ya fezi tatu, volti 400, na yenyewe ina vituko vya ukubwa huo. Ilipohamishiwa upande wa pili wa banda na kuunganishwa upya, iliwaka vizuri, tena kwa bidii, ila mbao haiparwi, inasuguliwa tu. Jopo likakubaliana kwa kauli moja kwamba visu ni butu. Vikanolewa mpaka vikawa vinanyoa vinyweleo vya mkono. Vikarudishwa, vikaendelea kuzunguka kinyumenyume vikiwa vikali. Mota ya fezi tatu hugeuka mwelekeo nyaya zake mbili zikipishana. Tiba ni kuzima swichi kuu na kubadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, basi. Aliyekuwa ameshalipwa hela ya kunoa alipongeza sana ugunduzi huo.

Randa hiyohiyo iliwahi kuanza kuacha bonde dogo kwenye mkia wa kila ubao. Hapo meza inayopokea mbao imeshuka chini ya ncha za visu, na mkia ukiachwa peke yake unadondokea visu na kuliwa. Weka rula iliyonyooka juu ya meza hiyo, pandisha meza mpaka iwe sawa na ncha, umemaliza. Fundi mwenzangu aliona ni rahisi zaidi kumwambia mteja kuwa ndiyo fasheni mpya ya vitanda. Mteja akaipenda, akaagiza iwekwe na upande wa kichwani.

Halafu upo ugonjwa wa jioni. Asubuhi mashine inapasua mninga bila shida. Alasiri inazimia katikati ya ubao mwembamba wa paina, mota inachemka. Safari hii hata mota ilisamehewa. Jopo likataja husda. Wakati huohuo jirani anayechomelea mageti alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi, kwenye laini moja na sisi, na waya wetu mrefu, mwembamba, wa kuungaunga, ulikuwa unapokea volti 230 kwenye mita na kufikisha pungufu. Volti zikishuka mota huvuta umeme mwingi zaidi ili imudu mzigo, ndipo inapopata joto. Dawa ni waya mnene, mfupi, usio na viraka.

Nililieleza jopo hayo yote kwa utaratibu. Wakanisikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kwenye husda. Siwalaumu. Waya mnene unauzwa kwa mita, na mwenye duka hapunguzi hata shilingi. Husda ni bure.