Sifa za Kosa Linalopiga Kelele

Malenga wetu wamekwisha kusifu kila kitu: mnazi, jahazi, wali, hata waheshimiwa wasiostahili. Leo nami namwaga sifa, na namwagia asiye na mtetezi: kosa la programu. Nalisema lile linalojaza maandishi mekundu kwenye skrini ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, maabara imefurika, feni imegoma, na zimebaki dakika 20 kazi ikusanywe.

Asifiwaye hutajwa kwanza ukoo wake, na ukoo huu ni wa zamani. Wahandisi wa Marekani waliziita hitilafu za mitambo yao wadudu tangu enzi za Thomas Edison, karne ya 19. Kisha tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, kompyuta iitwayo Mark II ikakorofisha. Mafundi walipoipekua wakamkuta nondo amebanwa kwenye swichi. Nondo huyu ni yule wa mbawa anayezengea taa. Si nondo za zege, wala zile wanachuo wanazoshushiana kwenye mdahalo. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limo makumbusho hadi leo. Ni maprofesa wangapi watakaohifadhiwa kwa heshima namna hiyo?

Sasa tabia zake. Ya kwanza ni uadilifu. Katika lugha ya C, sentensi nyingi za programu humalizwa kwa nuktamkato. Mtoto wa waziri akiisahau, programu inamgomea. Mtoto wa muuza mihogo akiisahau, inamgomea vilevile. Kosa halipokei simu kutoka juu, wala halina binamu ofisi ya usajili.

Ya pili ni kuunga udugu. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta moja kwa watu wawili: mmoja anaandika, mwenzake anamchunga kwa jicho la mpelelezi, kisha wanabadilishana. Niliwekwa na mtu ambaye sikuwahi hata kumsalimu. Tukatafuta bano moja lililopotea kwa saa nzima, na jioni hiyo tukala chipsi sahani moja. Wiki iliyofuata programu yetu ilikubali mara ya kwanza. Kila mtu akabeba begi lake, akaondoka bila kuaga.

Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, ni kufundisha kusoma. Kwenye ukumbi wa mihadhara sote tulikuwa tumeelewa. Ukimwona mhadhiri anaandika ubaoni, unatikisa kichwa, mambo yanaisha. Maabara ndiko tulikojua kwamba tulichokuwa tunatikisa ni kichwa tu. Tulikuwa tukimwita msaidizi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naye kabla hajaitazama programu anauliza: "Ujumbe unasemaje?" Nilidhani anaringa. Kumbe mimi nilikuwa sijausoma.

Ujumbe wangu ulilalamikia mstari wa 41. Faili lilikuwa na mistari 41, na huo wa mwisho ulikuwa mtupu! Bano nililosahau kulifunga lilikuwa mstari wa 12. Kompaila, ile programu inayotafsiri maandishi yetu yawe lugha ya mashine, ilikuwa imesoma mpaka mwisho ikilisubiri, kama mwenyeji anayemsubiri mgeni aliyesema yuko njiani. Haikunidanganya, ilinionyesha pale subira yake ilipoishia. Kazi ya kurudi nyuma kutafuta kilichoanza ilikuwa yangu. Siku nyingine nilipata makosa 27. Nikarekebisha la kwanza, na yale 26 yakatoweka yote. Ukoo mzima ulikuwa unaishi kwa mshahara wa mmoja.

Najua yapo makosa yasiyopiga kelele, na hayo siyasifu. Mwenzangu mmoja alitaka programu iangalie kama mtu ana miaka 18 kamili, ili imwandikishe kupiga kura kwa mara ya kwanza. Mahali pa alama mbili za usawa akaweka moja. Kwa C, mbili zinauliza, moja inaamuru. Badala ya kuuliza umri, programu ikampa kila mtu miaka 18. Ikapita, ikafanya kazi bila kinyongo, ikawaandikisha hata watoto wa chekechea kuwa wapiga kura.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, kama sisi tulivyokuwa tukichukua kazi za mwaka jana kwenye flashi. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Namba iliyotunzwa kwa biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Haikuenea. Kama sekunde 40 tangu safari ianze, roketi ikageuka moto na moshi. Hakuna mstari mwekundu uliomwonya mtu mapema.

Basi wewe unayeingia maabara Jumatatu, wekundu ukijaa kwenye skrini usiizime, wala usimfiche jirani. Mficha uchi hazai. Soma ujumbe wa kwanza, rekebisha kosa moja, endesha tena. Na siku programu itakapokubali mara ya kwanza bila hata neno, usikimbilie kuikusanya. Ipe kwanza mtoto wa miaka mitatu, uone kama itampa karatasi ya kura.