Kuku wa Madeni
Bunia, Ituri

Baba mkubwa, shangazi, na nyinyi wadogo zangu mnaomsomea mzee barua hii kwa sauti: mimi huku Kongo koo limenikauka kwa kufukuza kuku.

Najua hapo mmecheka. Mtu katoka Singida, mkoa ambao kuku wake wanaijua Dar es Salaam kuliko wenyeji wake, akapita Mwanza, Bukoba, Mutukula na Kampala, akavuka mpaka pale Goli, akashika barabara ya Mahagi hadi Bunia kuuza vipuri vya pikipiki, halafu anaandika habari za kuku. Shangazi atauliza kwa nini nisingebaki tu nyumbani. Shangazi, sikuwatafuta. Wamenijia kwa njia ya madeni.

Biashara ya huku inakwenda kwa franka na dola, na noti ya dola inakaguliwa kuliko pasipoti yangu ilivyokaguliwa Goli. Ikiwa na mchaniko mdogo pembeni, haipokelewi. Ikiwa na alama ya kalamu, haipokelewi. Ikiwa ya toleo la zamani, mwenye duka anakurudishia kwa ncha za vidole. Basi dereva mmoja wa pikipiki, anayebeba abiria njia ya Mongbwalu, alinilipa cheni kwa noti ambayo kila niliyempelekea aliinyanyua juani na kutikisa kichwa. Nikamrudishia. Kesho yake akaja na koo kwapani, miguu imefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi.

"Huyu," akasema, "hana mchaniko."

Koo mwenyewe alikuwa na jicho moja, na mkia umenyonyoka wote. Kwa majaribio nilimpitisha kwa mama anayeniuzia makaa, nikamuuliza kama angemchukua badala ya pesa. Akampima kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili apokee. Hapo ndipo nilipoielewa Bunia: hapa kuku ni noti isiyokataliwa, hata akiwa chongo. Nikamnyang'anya koo wangu, nikalipa makaa kwa franka, na tangu siku hiyo duka langu linapokea kuku. Plagi na kebo ya klachi, mitetea wawili. Tairi la nyuma, jogoo aliyekomaa.

Jogoo anayetawala banda langu sasa ana jina. Mkoa huu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Hali hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 30, ikaongezwa, ikaongezwa tena, na gavana ni jenerali. Sasa mteja mmoja aliniachia jogoo awe rehani kwa wiki moja tu, akapotea. Jogoo akamfukuza yule niliyekuwa naye, akakamata banda, na hana dalili ya kuondoka. Watoto wa uani wakamwita Jenerali. Mimi simo.

Sasa niwape kesi ya mayai. Nimewawekea kuku wangu vikapu vizuri vyenye nyasi kavu, lakini mnawajua kuku wa kienyeji. Yule chongo alivipita vyote, akaruka ua, akaingia jikoni kwa jirani yangu, mama anayeuza sombe, yaani kisamvu, akajichimbia kiota ndani ya beseni la unga wa muhogo. Alfajiri moja nikasikia hodi.

"Papa Tanzania, kuku yako iko natagia kwangu. Inakulaka lengalenga yangu, inalalaka kwako. Sasa mayayi ni ya nani?"

Swali la kisheria kabisa. Tukalipeleka kwa shefu wa avenyu, ambaye kwenu ni balozi wa nyumba kumi. Tukakalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe. Mshtakiwa akaletwa kikapuni, mayai yakapangwa mezani juu ya kitambaa. Mama akaeleza hasara ya unga na lengalenga, yaani mchicha wake. Mimi nikaeleza ukoo wa kuku. Mzee akasikiliza yote, akafumba macho, akauliza:

"Mayayi iko ngapi?"

"Tisa."

"Bon. Mama atabeba ine. Papa atabeba ine."

Tukashukuru, kila mtu akabeba yake. La tisa likabaki pale juu ya kitambaa. Mimi nikalitazama, mama akalitazama, mzee akatutazama sisi. Tukaaga. Koo mwenyewe hakuiheshimu hukumu hata siku moja, alirudi kwenye beseni lilelile. Kwa hiyo siku hizi tunagawana Jumapili kimyakimya bila kumsumbua mzee, na mafungu yakikosa kulingana tunamla mwenye kosa kwa macho.

Chakula chao kinanitesa. Huko mna mashudu ya alizeti mpaka mnayamwaga, huku nayaota usingizini. Nawapa pumba za mahindi, maganda ya mihogo, na vumbi la dagaa. Dagaa wanatoka Ziwa Albert, wanapakiwa Kasenyi, wanapandishwa mlima kupitia Bogoro hadi huku kwetu, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na safari yote hiyo wanasagika ndani ya magunia. Ule unga wa chini ya gunia unauzwa rahisi na kuku wanaupigania. Ila ukizidisha, yai la kukaanga linanuka ziwa zima. Wakati wa mvua wanakula bure, maana kumbikumbi wanatoka, lakini hapo wanashindana na binadamu. Watoto wanatega taa juu ya beseni la maji, Jenerali anawavizia pembeni, na mara nyingi anashiba kabla yao.

Usiku wa siafu msomeeni mzee taratibu, najua ataupenda.

Mwewe nimemzoea, paka wa mtaa nimepatana naye. Siafu hawana mapatano. Usiku huo sikusikia kelele za kawaida za kuku. Nilisikia vishindo: mmoja anadondoka kutoka kwenye kichanja, kimya, kisha mwingine. Nikatoka na tochi ya simu. Msafara ulikuwa unapita chini ya mlango wa banda, upana wa kiganja, wenye vichwa vikubwa wamejipanga kandokando taya wazi, wadogo wanapita katikati kwa haraka. Walishapanda nguzo ya kichanja. Mtetea mmoja alikuwa nao katikati ya magamba ya miguu na kwenye kope. Ukimvuta siafu, kiwiliwili kinakuja, kichwa kinabaki kimeuma.

Nilipiga yowe ambalo sitalieleza. Mama wa sombe ndiye aliyefika wa kwanza, kanga kifuani, na karai la majivu ya moto. Akayamwaga mlangoni na kuzunguka nguzo, bila kusema neno, huku mimi narukaruka kwa sababu walishaingia kwenye suruali. Kuku wote tukawahamishia chumbani kwangu. Jenerali akachagua kulala juu ya kabati la vipuri, na saa kumi za usiku akawika kutoka hapo, ndani ya chumba cha bati, futi tatu kutoka sikio langu.

Asubuhi siafu walikuwa wameshaondoka. Na niseme haki yao: banda halijawahi kuwa safi vile. Hakuna utitiri, hakuna mende, hakuna panya. Wangekubali kuja kwa miadi, kuku wakiwa wamehamishwa, ningewaajiri.

Baba mkubwa, uliniuliza kama kideri kipo huku. Kipo, kile kile cha kuhara kijani na kupinda shingo, ambacho Wazungu wanakiita kwa jina la mji wao wa Newcastle kwa sababu ya mlipuko wa 1926. Majirani wanatibu kwa pilipili na shubiri, na kuku anakufa vilevile, ila amekolea viungo. Mimi nasisitiza chanjo, ile ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwetu inatengenezwa Kibaha, ni ile aina ya I-2 inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi. Veterineri alipokuja alimshika kila kuku akamgeuza geuza kutafuta jicho zuri la kudondoshea. Kwa yule chongo hakukuwa na ubishi.

Watu wa hapa hawacheki na magonjwa ya ndege. Mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege, H5N8, ilipiga vijiji vya ukingoni mwa Ziwa Albert upande huu wa Ituri, miezi michache tu baada ya kuonekana Uganda. Bata na kuku walikufa kwa wingi. Ndiyo maana bata mgeni akionekana uani kwangu, anatimuliwa na mtaa mzima.

Kuna jambo moja sikulielewa wakati wa ile kesi: kwa nini mtu akatae kusamehe mayai manne. Nililielewa baadaye, tukimenya mihogo. Yule mama alitoka Djugu kwa miguu, vita vilipofika kijijini kwake. Alitoka na mkeka, sufuria na kuku mmoja. Ng'ombe wa familia waliachwa, mbuzi walipiga kelele wakaachwa nao, kuku alikaa kwapani amefungwa mdomo kwa kitambaa. Alipofika Bunia alimuuza, akalipa chumba. Alinieleza hivyo kwa sauti ya kutaja bei ya sombe, kisha akaniambia namenya vibaya, naacha nyama nyingi kwenye ganda.

Maombi yangu sasa. Mtu akipita kuja Kampala, msimpe jogoo aniletee. Baba mkubwa, nakujua, tayari umeshamchagua. Ndege hai havuki mpaka bila kibali cha afya ya mifugo, na mimi sitaki kuwa na kesi nyingine, hii ya pili haitakwisha kwa kugawana. Nitumieni mbegu za alizeti, kilo mbili zinatosha, nijaribu nyuma ya duka.

Shangazi, wale kuku wangu niliokuachia, nimesikia wanapungua kila mgeni anapokuja. Naomba hesabu yao kwa maandishi, na wasijumlishwe wa jirani.