Uzito Usio na Mnunuzi

Farumi ni uzito unaopakiwa chomboni si ili wenyewe ufike mahali, bali ili chombo kifike. Mabaharia wa pwani waliweka mawe na mchanga tumboni mwa jahazi tupu, lisije likalala ubavu upepo ukikaza. Magari ya mbio nayo yana farumi: kanuni za mashindano hutaja uzito ambao gari halitakiwi kupungua, na likipungua huongezewa vipande vya chuma au risasi mpaka litimie. Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hakuna bahari, na mbio za magari zinazojulikana zaidi ni zile za michomoko, yaani magari madogo ya abiria, kuwahi abiria wa Omurushaka. Hata hivyo farumi inahitajika huko kuliko chumvi, na anayeihitaji ni mwenye pikapu tupu.

Pikapu ya kawaida huwa na injini mbele na husukumwa na matairi ya nyuma. Ikiwa tupu na ina kilo 1,400, huenda kilo 800 zikalalia matairi ya mbele na 600 tu zikabaki nyuma, yaani wanaofanya kazi ndio wasiokandamizwa. Kiangazi aibu hiyo haionekani. Mvua zikianza, za vuli kuanzia Septemba na za masika kuanzia Machi, udongo mwekundu wa milimani hugeuka sabuni. Gari lililopanda mlima asubuhi likiwa na mikungu ya ndizi hadi juu ya kichwa hushindwa mlima huohuo jioni likiwa halina kitu. Mwenye gari mgeni wa jambo hili hudhani limeharibika, hulipeleka gereji, na fundi hubadilisha klachi. Mvua inayofuata, matairi huzunguka palepale kama jana, safari hii kwa klachi mpya.

Dawa yake ni kuongeza uzito nyuma. Kilo 150 zikikaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma, mzigo wa matairi yake hupanda kutoka kilo 600 hadi 750. Hilo ni ongezeko la robo nzima, na mshiko wa tairi huongezeka karibu kwa kiasi hicho. Kupata kilo 150 si kazi katika nchi ya mawe, ndizi na kahawa. Kazi ni kupata kilo 150 ambazo hakuna mtu atakayezitaka.

Ndizi ndiyo farumi ya kwanza kumjia mtu akilini, kwa kuwa iko mlangoni. Mkungu mmoja mzuri una kilo 20 hadi 40, hivyo mitano inatosha. Kasoro yake ni kwamba ni chakula. Farumi iliyoondoka Nkwenda ikiwa mikungu mitano hufika Kayanga ikiwa miwili: mmoja umeteremshwa kwa mama mkwe, ambaye hawezi kupitwa mikono mitupu, mmoja umeuzwa kwa mtu aliyesimamisha gari akidhani ndilo soko lenyewe, na mmoja hakuna ajuaye ulikoteremkia. Gari huwa jepesi kadiri safari inavyoendelea, na mlima mbaya kwa kawaida uko mwisho wa safari.

Kahawa ni nzito na imefungwa vizuri kwenye magunia, lakini ni fedha. Wakulima wa wilaya hizi wana chama kikuu cha ushirika, KDCU, tangu 1990, na zao lao linahesabiwa kuanzia shambani hadi mnadani. Kyerwa inapakana na Uganda, na magunia ya kahawa ya maganda yanayoonekana usiku yakielekea Murongo, kwenye Mto Kagera, yana jina moja tu nalo ni magendo. “Afande, hii si biashara, ni ya kukandamiza matairi” ni maelezo ambayo huweza kuwa ya kweli kabisa na yasimsaidie msemaji hata kidogo.

Farumi bora kuliko zote iko chini ya ardhi ya Kyerwa. Ukanda wa miamba ambao wanajiolojia wameuita Karagwe-Ankole, unaopita Burundi, Rwanda, Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, unajulikana kwa bati na wolframu. Jiwe safi la madini ya bati ni zito kama mara 7 kuliko maji. Wolframu iliyokwisha kusafishwa hufika mara 19, na ndiyo inayotumiwa na timu za Formula One kwa farumi, maana kipande kidogo kama kitabu hutosha kazi ya ndoo nzima ya mchanga. Mtu wa Kyerwa anaweza kukwama matopeni juu kabisa ya madini ambayo yangemnasua. Lakini madini yana leseni, yana mrabaha, na tangu 2019 yana masoko rasmi ya kuuzia. Kiroba cha bati kilichofungwa kwenye bodi ya pikapu kina maswali mengi kuliko kilo.

Chuma chakavu ni kizito mara 7.8 kuliko maji, na kwa uzito peke yake hakina mpinzani wa bei nafuu. Zamani Karagwe ilijua namna ya kutunza chuma kizito kisichouzwa: katika ikulu ya Bweranyange palikuwa na nyundo na ng'ombe wa chuma, mali ya ufalme, ambavyo Mwingereza John Hanning Speke alivikuta kwa Mfalme Rumanyika alipofika mwaka 1861. Hakuna aliyethubutu kuvipeleka kwa mnunuzi. Siku hizi ikulu hakuna, ila wanunuzi wa chuma chakavu wako kila mahali. Difu kuukuu iliyolazwa kwenye bodi ya gari jioni huwa kwenye mizani ya mtu asubuhi, na mwenye gari huulizwa kwa upole kama anayo nyingine.

Maji yana sifa moja nzuri: kazi ikiisha humwagwa. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo madumu saba na nusu yanatimiza hesabu. Timu ya Tyrrell ya Uingereza iliwahi kuipenda sifa hiyo kupita kiasi. Mwaka 1984 gari lake la Formula One liligundulika kuwa na vijipunje vya risasi ndani ya tangi la maji, vilivyoingizwa pamoja na maji mwishoni mwa mbio, baada ya gari kukimbia muda mrefu likiwa jepesi. Timu ilifutwa katika mashindano ya mwaka huo mzima. Kwenye milima ya Kyerwa tatizo la maji ni jingine. Gari lenye madumu saba likipita kijiji ambacho kisima kiko bondeni, watu hawaoni farumi, wanaona huruma ya Mungu. “Moja tu, waitu, watoto hawajaoga,” na gari huanza kuteleza kwa sababu watoto wameoga.

Binadamu ndiye farumi inayotumika zaidi na inayoaminika kidogo zaidi. Dereva akifika chini ya mlima wenye utelezi huwaita vijana walio karibu wapande nyuma, wasimame juu ya ekseli. Vijana wanne wametimiza kilo 240 bila kamba. Lakini gari likianza kurudi nyuma, farumi hiyo huruka kabla ya dereva kukanyaga breki, yaani hupungua wakati uleule inapohitajika. Likifika juu, hudai soda. Zaidi ya hayo, kubeba watu kwenye bodi ya mizigo kuna hatari na trafiki hakupendi.

Hubaki mchanga. Debe moja la mchanga mkavu lina kama kilo 32, madebe matano yanatosha, na viroba vya sandarusi viko kila duka. Mchanga haulimwi, hauliwi na hauvuki mpaka. Hata hivyo una adui mmoja, fundi mwashi, ambaye kila kijiji kinaye na kila siku amepungukiwa debe moja tu. Kiroba kikitoboka, farumi huchora mstari mwembamba kutoka Isingiro hadi ilikoishia. Anayeona mchanga uko mbali akajaza udongo wa nyuma ya nyumba hugundua jambo jingine: punje zilizodondoka kutoka kwenye magunia ya jana hupata udongo, hupata mvua, na baada ya wiki mbili pikapu ina shamba la maharage. Kuyang'oa ni dhambi, hivyo gari hutembea taratibu mpaka yakomae.

Ndiyo maana wengi huishia kwenye zege. Madebe mawili ya zege hukaribia kilo 100, na matatu hufika kilo 144. Hutengenezewa fremu ya mbao, huwekwa nondo kidogo ili lisipasuke, na kabla halijakauka hupachikwa bolti nne ndefu. Zege lililokauka haliliwi, haliuzwi, halioti. Linalosahauliwa mara nyingi ni kumwaga zege hilo mahali pake. Mtu huliunda kwa ustadi uani, hulimwagilia siku saba kama mche, na siku ya nane hugundua kuwa kilo 144 hazipandi kwenye gari kwa nia njema. Huitwa vijana walewale wanne. Soda ni zilezile.

Mahali pa kuiweka farumi pana maana kuliko wingi wake. Kwenye gari la mbio huwekwa chini kabisa, karibu na kitovu cha gari. Kwenye pikapu hukaa juu ya ekseli ya nyuma. Ikisukumwa nyuma hadi mlangoni, kwa kuwa ndiko rahisi kuipakia, gari huwa mizani ya sokoni. Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana mita 3: kilo 150 zikikaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo hupata kilo 200, na ya mbele hunyang'anywa 50. Matairi ya nyuma hushika vizuri ajabu. Matairi ya mbele hukata kona yakipenda. Gari hupanda mlima bila shida na kwenda moja kwa moja kwenye migomba.

Kufunga ndiko kunakotenganisha farumi na kombora. Jiwe la kilo 50 kwenye gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, gari likigonga kitu na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, husukuma mbele kwa nguvu ya kama kilo 850. Hiyo ni zaidi ya fahali mkubwa wa Kinyankole mwenye pembe zake, na aliye mbele yake ni dereva. Mpira wa tyubu, ambao vijijini hufunga kila kitu kuanzia kuni hadi mlango, haufai kwa kazi hii kwa kuwa hunyumbuka kwanza na kufikiri baadaye. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, hutaka farumi iwe vipande imara vizima, vifungwe sakafuni kwa namna inayodai spana kuvifungua, vionekane, na viweze kutiwa lakiri na wakaguzi. Kwenye pikapu bolti zipite kwenye bati la bodi na kushika chesisi, chini yake zikiwa na vipande vipana vya chuma, maana bati peke yake huchanika. Fundi anayetoboa kutoka juu bila kuchungulia chini hulijua tangi la mafuta lilipo kwa harufu.

Kupima kunafuata. Mizani ya barabarani ni ya magari makubwa, na ya chama cha msingi ni ya kahawa. Inabaki njia ya nyayo. Tairi la nyuma huinuliwa kwa jeki, hupakwa tope na kushushwa juu ya karatasi yenye miraba, kisha eneo la alama huzidishwa kwa upepo wa tairi. Upepo wa psi 30 ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba, hivyo alama ya sentimita 143 za mraba ni kilo 300 hivi. Baada ya farumi, upepo ukiwa uleule, alama itegemewe kufika 179. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana ukuta wa tairi nao hubeba kidogo. Karatasi yenye miraba iliyo karibu huwa daftari la hesabu la mtoto, na Jumatatu mwalimu hukuta swali la nne limejibiwa kwa tairi.

Mwisho ni kuiondoa. Kuanzia Juni barabara hukauka, na kilo 144 za zege kwenye lami ya kwenda Kyaka hazina kazi ila kunywa mafuta na kula nafasi ya mikungu mitano. Bolti nne hufunguliwa, vijana wanne huitwa, na zege hushushwa barazani, chini ya kivuli. Jioni ya kwanza mtu mmoja hulikalia kufunga viatu. Wiki ya pili lina mkeka na ubao wa bao. Mvua za Septemba zikianza na pikapu ikakwama kwenye mlima uleule, mwenye gari huja na spana, na wazee watatu waliolikalia humwambia asubiri kwanza, mchezo uishe.