Sanamu Lililokaribia Matarajio

Tangu asubuhi ya Ijumaa, nilipoondoka katika uwanja wa skuli nimelikumbatia sanamu langu kama mtu amtoaye mgonjwa hospitali, masikio yangu hayajapoa, kwani mwalimu, mbele ya hadhira ya wazazi na wana wao wa Gredi ya 4, alilizunguka mara mbili, akalibonyeza tumbo, kisha akaandika kwa wino mwekundu: "Kukaribia matarajio." Kazi ilikuwa ya mtoto kwa jina tu; aliyekadiriwa ni mimi, nami nimo katika umri ambao mtu, kama hajayafikia matarajio, hustahiki angalau kunyamaziwa.

Amri ilifika kwa simu saa tatu usiku, maduka yakiwa yamekwisha fungwa: kesho kila mwanafunzi, kwa kushirikiana na mzazi, alete sanamu la kuamia ndege. Katika Mtaala wa Umilisi wa Kenya, ulioingia madarasani mwaka wa 2019 kuurithi mfumo wa 8-4-4 wa tangu 1985, mzazi si mtu wa kulipa karo na kutia sahihi tu, bali ni mshirika. Nami, kwa ghururi niliyo nayo, nikaushika ushirika huo kwa mikono miwili na kumpa kijana tochi anishikie.

Kuamia ndege ni elimu, msomaji, wala usiidharau. Katika mashamba ya mpunga ya Mto Tana watoto walipandishwa juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, wakipiga makelele mpaka jua kuchwa. Na sanamu ni naibu wa mtoto huyo, aliyewekwa ili mwenyewe apate kushuka akale. Walakini ndege haogopi sura. Wengi hutaabika kuchora macho na meno, ilhali ndege huogopa mwendo: kitu kisichotikisika atakichungua siku mbili tatu, na ya nne atakitumia kupumzikia. Kwa hiyo nguo sharti iwe pana ipepee, kopo tupu lining'inizwe mkononi lipige kelele kwa upepo, na sanamu lenyewe lihamishwe mara kwa mara, kama mlinzi anayeshukiwa kusinzia. Haya yote nilimweleza kijana kwa muda wa saa nzima, huku nikifunga boriti kwa kamba ya usumba, nikijaza makumbi kifuani, na kulivika koti langu la arusi, ambalo mama watoto alilitoa kabatini kwa wepesi ambao hata leo haujanipendeza. Lilipokamilika, kijana alikuwa amelala, tochi ikimulika dari.

Katika kulipeleka, utingo wa matatu alilidai nauli, akisema mwenye miguu hulipa. Nikalipa.

Uwanjani hatukukaa sana kabla hajaja kunguru wa Kihindi, ambaye jadi zake waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka za mji, na tangu wavuke kuja Mombasa sijapata kujua wanachokiogopa. Alitua begani mwa koti langu la arusi, akachungulia mfukoni, akang'oa nyuzi za sikio la sanamu moja baada ya nyingine kwa utulivu wa mtu achaguaye mchicha sokoni, akaenda nazo kujengea. Wazazi walijizuia kucheka, wakashindwa. Mwalimu akamgeukia kijana wangu: "Wewe ulifanya nini hapa?"

"Nilishika tochi, Mwalimu. Halafu nikalala."

"Kuzidisha matarajio" kulikwenda kwa sanamu lenye viatu na kope, ambalo alfajiri ile ile nililiona kwa macho yangu kwa fundi wa samani, likingoja rangi ikauke.

Na hapa kicheko hunikauka. Pembeni alisimama mama mmoja muuza mahamri, ambaye jioni yake yote ni ya kukanda unga uumuke kabla ya alfajiri, na mwanawe mikono mitupu, akaandikiwa "Mbali na matarajio." Umbali huo ni wa nani? Sikumuuliza mwalimu. Ana watoto zaidi ya sitini na fomu ya kila mmoja kwa kila somo, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko wino wake. Yeye anajua kwamba watoto hawakufanya, mimi najua kwamba anajua, na kila mmoja amsitiri mwenzake. Kisha hayo tunayaita ushirikiano.

Kabla ya sanamu tuliagizwa shanga, na kabla ya shanga ngoma ya debe. Ya ngoma nimekwisha samehe.

Sanamu sasa limesimama uani kwetu. Jumapili kijana, bila ya kuambiwa na mtu, alilifunga mkononi kopo la maziwa, ambalo mimi nilihutubu juu yake robo saa nzima nikasahau kulitundika. Kunguru hawaji tena. Jirani ndiye aliyekuja, mara mbili, kulalamika kwamba halali.