Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayohusika

Kwa Ofisi Inayohusika,
Popote ilipo.

YAH: OMBI LA KUSIKIWA KATI YA MNGURUMO MMOJA NA MWINGINE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo Ofisi. Nakuandikia wewe kwa sababu kila mlango niliobisha nimeambiwa suala langu liko kwako. Nilikoanzia waliniuliza kama kelele ninazolalamikia ni za muziki. Nikajibu si za muziki. Wakasema basi si huku. Nikaenda kwingine, wakauliza kama ni za kiwanda. Nikajibu ni za bustani. Wakacheka kwa adabu, wakaniambia nipeleke ofisi inayohusika. Sikupewa anuani yako, ila kila mtu alionyesha kukufahamu vizuri.

Jambo lenyewe ni majani ya jirani.

Jirani yangu aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya upande wa Geita, Mungu akamfungulia, akarudi hapa Tinde, mkoani Shinyanga, na fedha zake halali. Namwombea azidishiwe. Akajenga nyumba, akaizungushia ukuta, na ndani ya ukuta akapanda ukoka. Ukoka, Tinde! Hapa mvua tunazipata kwa msimu mmoja tu, na ukifika mwezi wa tisa unaweza kuzihesabu mbavu za ng'ombe ukiwa umekaa kwenye basi. Ukoka bila maji hufa, kwa hiyo ikaja pampu ya petroli. Ukishanyweshwa unarefuka, kwa hiyo ikaja mashine ya kukatia majani. Umeme nao una tabia zake, kwa hiyo likaja jenereta. Pampu inaamka alfajiri kabla ya jogoo, mashine inaingia kazini baada ya chai, jenereta linashika zamu ya usiku. Kwa kweli ni mradi wenye mnyororo kamili wa thamani: injini ya kwanza inaizalishia kazi injini ya pili. Sijawahi kuona mpango wa maendeleo wa kijiji uliounganishwa vizuri kiasi hicho.

Siku moja nilikwenda kuomba angalau Jumapili tupumzishwe. Mwenye nyumba hakuwepo, nikamkuta kijana wa kazi akikata majani. Mashine ni kijiinjini kilichofungwa kwenye bomba refu, na mwisho wa bomba kuna uzi wa plastiki unaozunguka mpaka hauonekani. Ni ile aina ya injini inayotaka petroli ichanganywe na oili, ndugu wa damu wa msumeno wa kuangushia miti, na ekzosi yake haizidi ukubwa wa kopo la maziwa ya mtoto. Kelele zake sikioni mwa mwendeshaji hukaribia desibeli 100. Kijana hakuwa na kinga yoyote ya kiwandani. Alikuwa ameziba masikio kwa pamba, hii hii ya kwetu ya shambani, na kwenye sikio la kushoto mbegu ilikuwa bado inaning'inia. Nilibisha hodi mpaka koo likakauka. Nilipompungia mkono alidhani nataka kupita, akanipisha.

Alipozima, akaniamkia vizuri. "Shikamoo mzee. Samahani, sikukusikia. Bosi amesema ukoka usipite kifundo cha mguu."

"Marahaba mwanangu. Na hayo mnayokata mnayapeleka wapi?"

"Tunachoma."

Hapo, Ofisi, nilisahau kelele kwa muda. Wewe huenda ni mgeni hapa, ngoja nikueleze. Enzi za wakoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Pamba na mifugo vikamalizia kilichobaki, mpaka mkoa huu ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichouokoa mkoa ni desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili. Unatenga kipande cha malisho mvua zinapoanza, hakiguswi, halafu kiangazi kikikaza unawafungulia ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani kwa njia hiyo. Sheria zake zinalindwa na dagashida, mkutano wa jamii, na ukiingiza mifugo kwenye ngitili ya mwenzako kabla ya wakati utalipa faini mbele ya watu wanaokujua mpaka babu yako. Majani hapa ni akiba. Sasa, ndani ya ukuta wa futi nane, akiba inamwagiliwa kwa petroli, inakatwa kwa petroli, kisha inatiwa kiberiti, na mbuzi wangu wako nje ya geti wanasikiliza.

Usije ukafikiri sisi ni watu wa kuogopa kelele. Utamaduni mzima wa ngoma za Wasukuma ni mashindano. Makundi hasimu ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanapokutana baada ya mavuno, mshindi ni lile linalovuta umati mkubwa zaidi, na umati hauvutwi kwa kunong'ona. Tinde yenyewe ni njia panda. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa kuelekea Isaka na Kahama, mengine yanakunja kwenda Shinyanga na Mwanza, na yanapofunga breki usiku vyombo kabatini vinaitikia. Sijawahi kumwandikia mtu barua juu ya lori. Lori lina safari. Na yowe likipigwa usiku, kila mwenye miguu hutoka, maana ndivyo tulivyojifunza tangu sungusungu walipoanza huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Kelele kwetu ina shughuli yake: inaita, inashindana, inaonya, kisha inakwisha. Mashine ya jirani haimwiti mtu yeyote, na tukienda hatukaribishwi.

Nimesoma sheria, nisije nikaonekana mlalamishi wa kijiweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004. Chini yake zipo kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo, zenye mipaka ya desibeli kulingana na aina ya eneo, mchana mbali na usiku mbali. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na mwaka 2023 lilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe zilizozidisha kelele, mpaka wapenzi wa bia wakajua desibeli ni nini. Nilifurahi kuliko walevi walivyohuzunika. Lakini nimegundua kwamba kwenye vichwa vya watu, kelele maana yake ni spika. Kanuni haiulizi sauti imetoka kwenye spika au kwenye ekzosi. Anayeuliza ni mtu wa kaunta.

Labda ni heshima ya mashine. Mtu akipiga muziki usiku anaitwa mhuni. Akiwasha injini anaitwa mwekezaji. Wenzetu wa Geita wanaoishi jirani na karasha za kusagia mawe ya dhahabu wana haki ya kunicheka kwa kulilia majani. Wao wanalala na vumbi, na karasha haijui sikukuu. Ila hata wao watakubali kwamba karasha inatoa dhahabu mwishoni. Hii yangu inatoa moshi mara mbili, wa kukata na wa kuchoma.

Ujerumani wana kanuni tangu mwaka 2002: kwenye maeneo ya makazi mashine ya kukatia nyasi haiwashwi Jumapili wala sikukuu, na siku za kazi ni marufuku kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Hawa ndio waliotutawala mpaka Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo hakuna atakayesema ni watu wa kudekezana. California kule Marekani wamekwenda mbali zaidi, wameamua kuanzia mwaka 2024 injini mpya ndogo za bustani zinazouzwa zisiwe za petroli. Sikuombi ufike huko. Petroli ya jirani ni mali yake.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, kwenye fomu ya malalamiko, baada ya "muziki" na "kiwanda", ongeza kisanduku cha "nyinginezo", nami nitaandika kwa herufi ndogo. Pili, saa ziwekwe: pampu isubiri kupambazuke na mashine isiguse Jumapili. Tatu, kijana apewe kinga ya masikio. Ana umri wa kumsikia mtoto wake wa kwanza akilia, na pamba yenye mbegu haitoshi kazi hiyo. Nne, majani yaliyokatwa yatupwe juu ya ukuta, upande wa mbuzi. Kwa hilo la nne niko tayari kuvumilia nusu saa ya mngurumo kwa wiki, na nitalisema hivyo hata mbele ya Baraza la Kata.

Na kama utamtuma mtu mwenye kipima kelele, tafadhali asimpigie jirani simu kumjulisha kwamba yuko njiani. Tumeshaona hapa jinsi ukaguzi unaotanguliwa na simu unavyokuta kimya. Aje siku ya kawaida, ashuke njia panda, aulize kwa mwenye ukoka. Ataelekezwa na mtu yeyote, ila itabidi aulize kwa sauti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye mbuzi, Tinde.

Nakala: Jirani, kwa taarifa. Ameshapelekewa kwa mkono na kijana wake.