Ombi la Kupiga Marufuku Bigijii ya Nikotini

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Kariakoo, mvutaji niliyechoka kuvuta. Nilisikia kuna bigijii ya nikotini ya kumsaidia mtu kuacha sigara, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Nikaiulizia duka la dawa. Muuzaji akaniangalia, akanipa dawa ya kikohozi.

Nikashuka Mtaa wa Kongo. Huko nikotini ni tele: ugoro, kuberi iliyofungwa kama kiburudisho cha kinywa, na vepu zenye ladha ya matunda. Vijana wa sare za shule wanachagua. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini hapa swali ni moja tu: una chenji?

Ndipo nikaelewa. Shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, na mpaka leo anayeitaka haikosi. Naomba basi bigijii ya nikotini nayo ipigwe marufuku, ili itufikie.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Tangu mwaka 2021 mmekabidhiwa usimamizi wa tumbaku pia, kwa hiyo ni kuhamisha faili tu, kutoka meza ya dawa kwenda meza ya jirani. Wenzetu Kenya walianzia upande wa pili: mwaka 2019 vifuko vya nikotini vya Lyft vilisajiliwa kama dawa, hadi Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipoukataa usajili huo Oktoba 2020. Makaratasi yote hayo ya nini, wakati Kariakoo bidhaa hufika bila usajili?

Najua mtahofia watoto wataitafuna bigijii hiyo kama peremende, na nikotini huinasa akili changa upesi. Hofu hiyo ni ya haki. Naomba tu ishuke nayo hadi Mtaa wa Kongo.

Ombi hili likiwa zito, nitaridhika na dogo: mkaguzi wenu mmoja avae kaptula ya shule, ashike noti ya elfu moja, apite huko saa tisa alasiri. Akirudi mikono mitupu, nitaomba radhi kwa maandishi.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mvutaji, Kariakoo.

Nakala: Walimu wakuu, Wilaya ya Ilala.