Buluu Haikusaidii Kitu

Mtu akikuambia amemwona kipepeo wa buluu hapa Malindi, hajakuambia kitu. Ni sawa na kusema amemwona mtu aliyevaa kanzu siku ya Idi. Wako tele, wa ukoo mmoja, na baadhi ni wadogo hata ukucha wa kidole gumba unamfunika mmoja mzima. Tena hiyo buluu mara nyingi ni ya madume. Majike wengi wamejivalia kahawia. Na hata kwa madume si rangi ya kupakwa bali ni mwanga unaochezewa na magamba ya mbawa. Akigeuka kidogo amekuwa zambarau, akigeuka tena amekuwa kijivu. Mimi na buluu tulishaachana zamani.

Siri yote iko upande wa chini wa bawa, na upande huo huuoni mpaka bwana mkubwa atue na kukunja mbawa. Wale wapenda nyasi hutua shubiri moja tu kutoka ardhini. Kwa hiyo anayetaka kumtenga Zizeeria knysna na Zizula hylax hana budi kulala kifudifudi: wa kwanza ana doa jeusi ndani ya bawa la mbele, karibu na shina lake, wa pili hana. Doa lenyewe ni dogo kuliko chembe ya chumvi.

Nililala, basi, kwenye uwanja ulio karibu na stendi ya bodaboda, lenzi jichoni.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Natafuta doa."

Sijui walisikia nini, maana punde vijana wa bodaboda walikuwa wamepiga magoti pembeni yangu wakipekua nyasi kwa bidii. Mmoja akaokota sarafu ya shilingi ishirini, akaniuliza kwa heshima kama ndiyo hiyo. Mwingine, ambaye ana jamaa kule Gede, ambako tangu 1993 watu hufuga vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke na pupa wao kusafirishwa ng'ambo, alitaka kujua huyu wangu anauzwa bei gani. Nilipomwambia hanunuliwi, alinisikitikia waziwazi. Kipepeo alikuwa ameondoka na doa lake.

Nikaamua kutafuta njia ya heshima zaidi: kumlea mtu tangu utotoni, asije akanidanganya ukubwani. Kiwavi wa Lampides boeticus, naye wa ukoo huohuo, hula maua ya kunde, kisha hutoboa ganda akajikalia ndani. Nilichagua sokoni kunde mbichi zenye matundu (muuzaji alinitazama sana, akanipunguzia bei), nikaziweka kwenye bakuli, nikafunika kwa kitambaa, nikalificha juu ya kabati la jikoni. Shangazi ya mke wangu akaja kututembelea. Kwake yeye kunde ni kunde. Alizikuta, akazisikitikia kwa kusahauliwa, akazipika kwa nazi.

Zilikuwa tamu. Nilikula polepole.

Lakini mateso makuu ni wale wa ua letu la plambago. Chini ya mbawa wana michirizi ya pundamilia, na kila bawa la nyuma lina kimkia na madoa yanayoigiza macho. Wakitua husugua mbawa hizo ili vimkia vicheze, ndege adhani kichwa kiko huko na adonoe pasipo hasara kubwa. Huyu ni Leptotes. Ila Leptotes yupi? Pirithous, jeanneli, babaulti na brevidentatus wamefanana kiasi kwamba hata ukiwa na kitabu kinene cha Torben Larsen cha vipepeo wa Kenya, kilichotoka 1991, picha peke yake haikuokoi.

Baba mkwe, aliyekuja kunywa kahawa jioni, alinikuta nimekiinamia. Akauliza hao wataalamu basi huwatambua vipi.

Mbele ya mkwe mtu huchagua maneno. Nilianza na hadubini. Nikasogea hadi kwenye kupasua. Nikasema kuna kiungo fulani cha dume, baba, ambacho umbo lake hutofautiana, na... hapo nikaona bora nimmiminie kahawa nyingine.

Alikinywa kikombe chote bila kusema neno.

"Na wake zao," akauliza, "huwajuaje?"

Mke wangu akaleta halua mbiombio.